Mashine Haisikii Wawili

Wajukuu zangu walizaliwa kabla ya wakati wao, mapacha, wa kiume na wa kike. Siku hiyo vitanda vya wodi ya watoto njiti vilikuwa vimejaa, kwa hiyo wakalazwa wote wawili ndani ya kitanda kimoja cha joto, kile cha kioo chenye matundu ya kuingizia mikono. Wa kiume nilimwita Mume Wangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake. Wa kike alikuwa mdogo kiasi kwamba paja lake halikufikia unene wa kidole gumba changu, na yeye nilimwita Mke Mwenzangu. Nilimwambia siku ya kwanza, kupitia kioo, kwamba mimi si mtu wa kugawana mume, na asidhani udogo wake utanitia huruma. Akainua mguu, akautupa juu ya tumbo la mume wangu, akalala. Nikajua nimepata mshindani.

Mama yao, binti yangu wa pekee, alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa na kidonda kikamletea homa. Alilazwa wodi ya wazazi, ghorofa ya chini, na hakuruhusiwa kupanda na homa yake mpaka kwenye chumba cha watoto wanaoweza kuuawa na mafua. Mkwe wangu anaendesha malori ya masafa marefu. Alikuwa nje ya nchi na mzigo, akipiga simu kila alipopata mtandao na kuuliza swali lile lile: "Wanaendeleaje, mama?" Basi nikabaki mimi. Kila asubuhi nilipita mbele ya kibanda changu cha ushonaji bila kukifungua, nikafika hospitali, nikanawa mikono mpaka viwikoni kama nilivyofundishwa, nikavaa gauni lao la kijani na kukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kile kitanda. Gauni lenyewe lilishonwa na mtu mwenye haraka zake. Mishono ya mabega ilikwenda upogo, na ilinikera kila siku.

Niueleze ugonjwa wa Mke Mwenzangu, maana kila kilichofuata kilitokana nao. Alikuwa anasahau kupumua. Muuguzi mkuu wa wodi, ambaye sote tulimwita Sista, alinieleza hivyo hivyo kwa maneno mepesi: mtoto njiti anapumua, anapumua, kisha anasahau, kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata. Kamashine kadogo kando ya kitanda kanapiga mlio, muuguzi anakuja, anamgonga unyayo kwa kidole, mtoto anakumbuka. Siku za mwanzo nilikaa nimeshika roho yangu mkononi. Kisha nikaona kitu ambacho Sista naye alikuwa amekiona. Mume Wangu alikuwa mtoto wa vurugu. Hakutulia. Alirusha teke, alinyoosha mkono, alijipindua, na kila alipomgusa dada yake, yule alishtuka na kuvuta pumzi. Wakiwa wamebanana, mlio ulikuwa wa nadra. Akitolewa kwenda kupimwa uzito, dada yake akabaki peke yake, mlio ulianza.

"Siwezi kuliandika hilo popote," Sista aliniambia. "Lakini macho ninayo."

Macho nami ninayo. Nikamwambia Mume Wangu aendelee na fujo zake.

Sasa vikuku. Mwaka mmoja kabla yetu, mtoto aliibwa katika wodi ile. Mwanamke aliyevaa kama muuguzi aliingia, akambeba, akatoka naye mlangoni huku akiwaaga walinzi. Hakupatikana mtoto wala mwanamke. Baada ya hapo hospitali ikaweka mtambo. Kila mtoto akafungwa mguuni kikuku laini cha plastiki, na ndani yake kuna waya mwembamba uliokunjwakunjwa kama mshono wa zigizaga. Juu ya kila kitanda na juu ya mlango kukawekwa mashine ya kuvisoma. Mashine inaita, vikuku vinaitika, kila kimoja kwa namba ya mtoto wake. Mtoto asipoitika kwa muda, king'ora kinalia na mlango unajifunga. Haingii mtu, hatoki mtu, mpaka Sista awahesabu watoto mmoja mmoja na kuufungua kwa ufunguo anaoubeba mwenyewe. Mama wa yule mtoto aliyeibwa bado alikuwa anakuja. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango asubuhi mpaka jioni, akiutazama. Walinzi walishamzoea, na sisi tuliokuwa na watoto ndani tulimwita Mama wa Benchi na kumpita tukiwa tumeinamisha macho.

Mapacha wangu hawakuvaa vikuku mara moja, maana havikuwepo vya kuenea miguu ile. Vilipoletwa vidogo, Sista aliwafunga mwenyewe, kila mmoja na chake, na mimi nikacheka kwamba Mke Mwenzangu amepewa kidani kabla yangu. Kabla kicheko hakijaisha, king'ora kikalia na mlango ukajifunga. Sista akahesabu watoto, wote wapo. Akafungua. Muda si mrefu kikalia tena. Kitanda kilichokuwa kinalalamikiwa ni cha kwetu: mashine ilisema mtoto mmoja hayupo. Mara ikasema yupo huyu, hayupo yule. Mara ikasema hayupo hata mmoja. Na wao wamelala pale pale, kama chanda na pete, mguu wa huyu juu ya tumbo la huyu.

Wakamwita fundi wa mtambo. Alikuwa mwanaume mrefu mwembamba mwenye mvi za kwanzakwanza, na kwa sababu ya urefu huo na kazi yake, wauguzi walimwita Antena. Alichutama mbele ya kitanda, akawatazama wajukuu zangu kwa muda, akauliza, "Wanalala hivi siku zote?"

"Ndiyo," nikasema. "Wewe mkeo analala chumba kingine?"

Akacheka, na akanieleza bila kunidharau. Kikuku hakina betri. Mashine inapoita, kikuku kinaazima nguvu kutoka kwenye mwito wenyewe na kuitumia kujibu. Vikiwa vingi, vimefundishwa kusubiriana. Kila kimoja kinajichagulia zamu yake, na vikigongana vinarudia. Hiyo si shida. Shida ni vikilala kimoja juu ya kingine. Hapo vinanyang'anyana ile nguvu. Kila kimoja kinauharibu waya wa mwenzake, na mashine inabaki inaita watu ambao hawana sauti ya kuitika.

"Kwa hiyo wapo, ila haiwasikii."

"Haiwasikii wakiwa wamegusana, mama."

"Mashine gani hiyo isiyojua watu hugusana?"

Alipiga simu kwa waliotengeneza mtambo, huko walikokuwa, na siku iliyofuata wakamjibu kwamba kati ya kikuku na kikuku ibaki nafasi ya shubiri moja. Shubiri moja. Mke Mwenzangu kwa urefu wake wote hakuzidi shubiri mbili.

Ninataka kumtendea haki Antena. Alihangaika. Alihamisha kikuku cha mmoja kikawa mkononi, lakini mtoto njiti anajikunja kama alivyokuwa tumboni. Mkono wake, mguu wake na pua yake vyote viko mahali pamoja. Alipunguza nguvu ya mashine, ikawakosa wote. Akaiongeza, ikaanza kuwasoma watoto wa kitanda cha jirani. Alisogeza mashine juu, akaisogeza pembeni, akapanda ngazi na kushuka mpaka shati likamganda mgongoni. Nilimshauri avue kikuku kimoja. Akasema mtoto asiye na kikuku mlango haumjui, anaweza kubebwa na yeyote. Nikamshauri akifunge kwenye blanketi. Akasema mwizi ataacha blanketi. Nilikuwa na mashauri mengi siku zile, na kila moja lilikuwa na mtu aliyeliwaza kabla yangu akagundua ubaya wake.

Kisha alinionyesha jambo ambalo lilinipa kazi. Alichukua vikuku viwili vipya, akavishika kimoja juu ya kingine, taa ya mashine ikazimika. Akakigeuza kimoja kikasimama wima, kingine kikabaki kimelala, akaacha upenyo kidogo katikati. Taa mbili za kijani zikawaka.

"Vikikaa hivi, haviharibiani sana," alisema. "Lakini nitamwambiaje mtoto akae hivi?"

"Humwambii," nikasema. "Unamshonea."

Nilirudi kibandani kwangu na kufungua mlango kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe. Nilikata sponji nyembamba, nikaichongoa, nikaifunika kwa kitambaa laini cha pamba na kushona kijisoksi chenye mfuko mdogo ubavuni, ili kikuku kikiingia mle kisimame wima na sponji ikae kati yake na chochote. Nimeshona magauni ya maharusi ambayo watu bado wanayaongelea. Sijawahi kushona kitu kwa woga kama soksi ile. Sista aliichemsha, akaikausha, akamvisha Mke Mwenzangu. Tulisimama watatu tukimsubiri. Akajinyoosha, akainua mguu wenye soksi, na akautupa juu ya tumbo la mume wangu kama ilivyo desturi yake.

Taa zote mbili zilibaki kijani. Antena alishusha pumzi akakaa chini sakafuni, fundi mzima. Sista alinikumbatia, na mimi nikajisifu mbele za watu bila aibu. Jioni nilishuka kwa binti yangu nikamsimulia mara mbili, na mara ya pili nilitia chumvi. Alicheka huku ameshika kidonda. Kwa siku kadhaa king'ora hakikulia kwa sababu yetu. Mke Mwenzangu aliongezeka uzito, kidogo sana, lakini kwenye mizani ya Sista ilionekana. Nilianza kukipima kichwa chake kwa macho nikiwaza kofia.

Kilichoharibu mambo kilikuwa kidogo, na hakuna aliyekosea. Mishipa ya mikononi mwa Mke Mwenzangu ilikuwa imechoka na sindano za dripu, ikapasuka mmoja baada ya mwingine. Mshipa uliobaki unaofaa ulikuwa kwenye mguu ule ule wa soksi. Sindano ikawekwa hapo, ikafungwa na ubao mdogo wa kuuzuia mguu usikunjike. Soksi haikuingia. Tukaivisha mguu mwingine, ambao ndio aliolalia, na sponji ikamkandamiza hadi ngozi ikawa nyekundu, Sista akaivua. Tukamvisha Mume Wangu soksi badala yake. Alikuwa ameshapata nguvu, naye ni yule yule wa vurugu. Aliirusha. Tukamvisha tena, akairusha tena. Nilishona nyingine yenye kamba, akajizungusha mpaka kamba ikamkaba mguu. Nilimgombeza kupitia kioo, na nilikuwa namaanisha.

Kesho yake asubuhi, mtoto wa kitanda cha dirishani alikuwa anapelekwa kupasuliwa tumbo. Sista alitangulia kwenda kuandaa chumba cha upasuaji, ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Wabebaji wakafika mlangoni na mtoto, na hapo hapo mapacha wangu wakageukiana. King'ora kikalia, mlango ukajifunga mbele yao. Mama wa yule mtoto alikuwa upande wa nje. Aliona mwanawe amebebwa upande wa pili wa kioo, tumbo limevimba, na akaupiga mlango kwa viganja. Niliingiza mikono kitandani nikawatenganisha wangu, lakini mlango ukishajifunga haufunguki kwa kuombwa. Walinzi wakakimbia kumfuata Sista. Yule mama hakuacha kupiga kioo. Wakati fulani aliniangalia mimi, akaona mikono yangu imeingia kwenye kitanda gani, na akaelewa.

Mtoto yule alipona, na ninashukuru hata leo. Lakini mchana ule daktari mkuu aliponiita pembeni, nilishajua anachotaka kusema. Alisema mapacha watenganishwe. Kitanda kimoja kilikuwa kimepatikana.

"Daktari," nikasema, "huyu mdogo anapumua kwa sababu ya mwenzake."

"Nimesikia hivyo, mama. Inawezekana. Hatuna uhakika wa hilo. Tuna uhakika wa mlango."

"Basi uzimeni mlango. Wekeni mlinzi."

"Mlinzi alikuwepo mwaka ule," alisema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa mtu mchovu mwenye macho mekundu, na ningependa kumchukia, ingenisaidia. Sikuweza.

Wakamhamisha Mke Mwenzangu. Vitanda viliwekwa sambamba, kati yake upana wa mtu kupita. Taa juu ya kila kitanda ikawaka kijani, na wodi ikawa kimya. Mama wengine walipumua. Mimi nilikaa katikati, mkono wa kushoto ndani ya kitanda hiki, wa kulia ndani ya kile, na kila Mume Wangu aliporusha teke kwenye mkono wa kushoto, nilimgusa dada yake kwa wa kulia. Nilikuwa nampelekea salamu. Ilifanya kazi kiasi. Lakini bibi anaruhusiwa mpaka jioni tu, na mikono ya bibi inakufa ganzi. Nikiondoka, wauguzi wa zamu wana watoto wodi nzima, na wote wana njia zao za kusahau kitu.

Nikamshonea mdoli wa kitambaa wa ukubwa wa mume wangu, nikaujaza pamba, nikauchovya kwenye joto la kaka yake kwa kuulaza kwake kwanza. Sista aliukubali. Mke Mwenzangu aliutupia mguu wake mzima, kwa furaha, nafikiri. Lakini mdoli hauna fujo. Alilala nao kwa amani, na amani ndiyo iliyokuwa adui yake. Ule mlio wa kusahau kupumua ukarudi, kwanza mara chache, kisha ukawa hauishi.

Antena alikuja kila siku, hata siku ambazo hakuitwa. Alikuwa akiwabana waliotengeneza mtambo wamtumie vikuku vya aina nyingine, ambavyo waya wake umekunjwa kwa namna isiyoingiliana na jirani. Vipo, walimwambia. Vipo, lakini havijatengenezwa vya watoto. Aliniambia habari hiyo akiwa amesimama na mikono mfukoni kama mwanafunzi aliyefeli.

"Mwanangu, kaa," nikamwambia. "Kiti hakikatazwi."

Akakaa. Tukawatazama. Hakukuwa na kingine cha kufanya, na hiyo ndiyo iliyokuwa inanila. Maisha yangu yote kitu kikipwaya ninakipunguza, kikibana ninakitanua. Hapa kila uzi niliovuta ulikuwa umefungwa kwa mtoto wa mtu mwingine.

Ndipo nikamwendea Mama wa Benchi. Nilijua ni vibaya, nikaenda. Niliwaza kwamba yeye akisema neno, daktari hatakataa. Nani angemkatalia yeye? Nilikaa kando yake. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, labda rika la binti yangu, na mapajani alikuwa na mkoba ambao hakuuachia.

Nikamweleza yote. Hakunikatiza.

"Unataka niwaambie wauzime," alisema mwishoni.

"Kwa ajili ya kitanda kimoja. Kwa muda mfupi, mpaka aongezeke kidogo."

"Wangu alichukuliwa kwa muda mfupi, mama. Nilikuwa nimekwenda kunawa."

Akanishika mkono, mkono wangu ulioota sugu za mkasi, na akasema taratibu, "Nakuonea huruma. Kweli kabisa. Lakini neno hilo ulimi wangu hautalitoa. Nikilisema, nitakuwa nimekuja hapa kila siku kufanya nini?"

Sikumlaumu. Nilikaa naye pale benchini, tukitazama mlango pamoja. Ulikuwa mlango mzuri. Ulifunguka na kufungwa bila kelele, na kila aliyepita alikuwa mtu anayestahili kupita.

Asubuhi iliyofuata nilifika mapema. Nilikuwa kwenye sinki, nimejipaka sabuni mpaka viwikoni, Sista akaja akasimama kando yangu. Alinyoosha mkono akanifungia bomba.

Nilijua hapo hapo. Povu lilikuwa bado mikononi mwangu, na nilikuwa namwangalia nikisubiri anitukane, anifukuze, aseme chochote kingine.

"Alisahau, mama," Sista akasema. "Tulimgonga. Safari hii tulimgonga sana."

Daktari alikuja akasema kwamba ingeweza kutokea hata wangekuwa pamoja. Watoto wa uzito ule huondoka hata katika mikono bora. Inawezekana alisema kweli. Inawezekana alisema ili tulale usiku, yeye na mimi. Hakuna atakayejua kamwe, na sina pa kwenda kuuliza. Nilimbeba Mke Mwenzangu nje ya kioo kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwepesi kuliko kipande cha kitambaa ninachokata kwa mkono mmoja. Kikuku walikuwa wameshakitoa. Nilimwambia nimeshindwa, mume ni wake, amchukue, arudi tu. Nilimwambia maneno mengi ya kijinga.

Kisha nikashuka kumwambia binti yangu. Alisikiliza ameutazama ukuta. Swali lake lilikuwa moja.

"Alikuwa peke yake?"

"Sista alikuwepo," nikasema. "Wauguzi wote walikuwepo."

"Sijauliza hivyo, mama."

Nilikaa kitandani kwake nikamshika. Alikuwa anajua kama mimi ninavyojua.

Baada ya mazishi nilirudi wodini. Mume Wangu bado alikuwa pale na alihitaji mtu. Nilinawa, nikavaa gauni la kijani, nikakaa kwenye kiti. Kitanda cha pili kilikuwa kimeshapewa mtoto mwingine, ndivyo inavyotakiwa. Mume Wangu alikuwa amenenepa mashavuni. Alirusha teke, akasubiri kidogo, akarusha tena.

Antena alikuja na mkoba wake wa vifaa kufanya ukaguzi. Hakunitazama usoni. Alipima kila kitanda kwa zamu, na alipofika kwetu akainua kifaa chake, akaangalia taa ya juu, akaangalia kioo cha kifaa. Mashine iliita, kikuku kikaitika. Iliita tena, kikaitika tena.

"Inamsoma vizuri sasa," alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia kwenye vitanda vingine vyote. Kisha akasikia alichokisema. Akakishusha kifaa.

"Ndiyo, mwanangu," nikamwambia. "Sasa yuko peke yake."